Kuunganisha PlayStation 2 na runinga bapa: tathmini ya adapta ya HDMI kutoka Kariakoo

Runinga ya chogo iliyokuwa sebuleni kwetu ilikufa mwaka jana baada ya utumishi wa miaka mingi, na mahali pake pakaja runinga bapa ya inchi 32 yenye kibandiko cha HD pembeni. Nyumba nzima iliipokea kwa furaha isipokuwa wapwa zangu wawili, ambao siku ya pili tu waligundua kwamba nyuma yake hapakuwa na yale matundu matatu, la njano, jeupe na jekundu, ambamo waya wa PlayStation 2 yao ulikuwa ukichomekwa siku zote. Palikuwa na matundu mawili ya HDMI (ule mlango wa kisasa unaopitisha picha na sauti kwa waya mmoja), moja la USB, moja la antena, na kijitundu cha duara kilichoandikwa AV ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Ndipo nilipotumwa Kariakoo kutafuta dawa, nikarudi na adapta nyeusi isiyozidi urefu wa kidole, niliyoinunua kwa shilingi 20,000. Nimeitumia kwa miezi minne sasa, na ninaweza kuieleza bila pupa.

Kwanza ni haki kukumbuka kwamba mashine yenyewe haina kosa. PlayStation 2 iliingia sokoni Japani mwezi Machi 2000, ilhali toleo la kwanza la HDMI lilitolewa Desemba 2002, na Sony haikuweka tundu hilo kwenye mashine zake za michezo hadi PlayStation 3 ya mwaka 2006. Zaidi ya PlayStation 2 milioni 150 ziliuzwa duniani, na kwa kuwa huku kwetu kitu hakitupwi kikiwa bado kinawaka, nyingi zimeishi kuliko runinga zilizotengenezewa.

Muuzaji aliniwekea mezani njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kile kiboksi cheupe ambacho upande mmoja hupokea waya wa njano, mweupe na mwekundu, na upande wa pili hutoa HDMI. Kina swichi ndogo ya kuchagua 720p au 1080p, yaani idadi ya mistari ya picha (1080p ndiyo huitwa ful HD), na bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Ya pili ilikuwa adapta hii, ambayo huchomekwa moja kwa moja kwenye mlango wa picha ulio nyuma ya PlayStation 2 na haihitaji zile nyaya za rangi tatu kabisa. Nilipomuuliza tofauti yake alinijibu, "Kaka, hii ndiyo ful HD yenyewe, utanikumbuka." Nimemkumbuka kweli, lakini si kwa sababu hiyo.

Tofauti halisi ya vifaa hivi iko mahali ambapo muuzaji hakugusa. Waya wa njano hubeba picha nzima ndani ya uzi mmoja, mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na runinga ikishavitenganisha hubaki mabaki: kingo za herufi huchezacheza kama sisimizi, na nyekundu humwagikia jirani zake. Kiboksi cheupe hupokea picha hiyo ikiwa imekwisha kuharibika, kisha huikuza; unachopata ni ubovu uleule kwa ukubwa zaidi. Adapta nyeusi, kinyume chake, huchukua picha ikiwa imegawanywa katika nyuzi tatu, mmoja wa mwanga na miwili ya rangi, jambo ambalo mlango wa PlayStation 2 umeweza kulifanya tangu siku ya kwanza. Nilikiazima kiboksi cheupe kwa jirani nikavilinganisha usiku mmoja kwenye runinga ileile na diski ileile ya kandanda. Majina ya wachezaji yanayoandikwa chini ya kioo, ambayo kwa kiboksi nililazimika kuyakisia, kwa adapta niliyasoma nikiwa nimekaa kwenye kochi. Kwa tofauti ya shilingi 5,000, sioni sababu ya mwenye PlayStation 2 kununua kiboksi.

Hata hivyo, jioni ya kwanza nusura niirudishe. Nilichomeka adapta, nikaunganisha waya wa HDMI (haukuwamo kwenye pakiti, basi ununue kabisa usije ukarudi mjini kwa ajili yake), nikachagua HDMI 1 kwa rimoti, na picha ikaja. Diski waliyoipenda wapwa zangu ni ya kandanda iliyopachikwa timu za ligi yetu na mafundi wa mitaani. Uwanja ulikuwa wa kijivu kama saruji. Simba walikuwa na wekundu wao uleule, lakini mpwa wangu mdogo alisimama katikati ya sebule akauliza, "Mjomba, mbona Yanga leo wamevaa pinki?" Kwa kuwa mimi ni mtu wa Jangwani, swali lile liliniuma zaidi kuliko zile 20,000.

Adapta haikuwa mbovu. PlayStation 2 ina mpangilio unaoamua rangi zitoke kwa mtindo gani kwenye mlango ule, na yetu ilikuwa imewekwa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu kila moja kwenye uzi wake. Adapta hutegemea mtindo wa pili, ule wa uzi mmoja wa mwanga na miwili ya rangi, kwa hiyo ilikuwa ikiusoma uzi wa kijani kana kwamba ni wa mwanga, na mingine miwili kana kwamba ni tofauti za rangi. Marekebisho yake ni ya dakika moja. Washa mashine bila diski, ingia "System Configuration", shuka hadi "Component Video Out", kisha badilisha RGB iwe "Y Cb/Pb Cr/Pr". Nyasi zikarudi kuwa kijani papo hapo. Pakiti ya adapta haikuwa na hata mstari mmoja wa maelezo kuhusu jambo hili, na ninashuku kwamba adapta nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai ya ubovu hurudishwa kwa sababu hii tu. Zipo runinga ambazo katika hali hiyo ya RGB hazionyeshi picha kabisa. Hapo itabidi urudi kwenye waya wa njano na runinga ya mtu mwingine ili uione menyu, basi usiutupe waya huo.

Sasa nije kwenye ile ful HD. Rimoti ya runinga yetu ina kitufe cha taarifa ambacho, ukikibonyeza, huonyesha kwenye kona ni picha ya aina gani inayoingia. Nilipokibonyeza kwenye menyu ya PlayStation 2 kiliandika 576i, na diski ya kandanda ilipoanza kiliandika 480i. Hakikuandika 1080p hata mara moja, ingawa namba hiyo imechapwa kwa herufi kubwa za dhahabu kwenye pakiti. Adapta hii haikuzi chochote. Inaigeuza picha kutoka mawimbi ya zamani kwenda lugha ya HDMI na kuipitisha jinsi ilivyo, na kazi iliyobaki huangukia runinga.

Na kazi hiyo si ndogo. Herufi "i" baada ya 480 ina maana kwamba mashine haipeleki picha kamili kwa mkupuo. Hupeleka kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, mara 60 kwa sekunde, au mara 50 kwa mfumo wa runinga uitwao PAL. Runinga ya chogo ilichora mistari hiyo kama ilivyofika, na jicho likaunganisha. Runinga bapa haiwezi kuchora nusu, kwa hiyo husubiri, huziunga nusu mbili, huikuza picha ijaze kioo, ndipo huionyesha. Kusubiri huko ndiko kunakomfanya mchezaji abonyeze kitufe cha shuti na mguu uinuke baadaye kidogo. Wapwa zangu waliligundua hilo kabla yangu, kwa malalamiko kwamba mabeki wao "wamelewa". Niliingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, nikachagua hali ya "Game", ambayo hupunguza manjonjo ya kusafisha picha, na ulevi ule ukapungua sana, ingawa anayekumbuka chogo atasema bado kuna chembe yake.

Jambo jingine la runinga, wala si la adapta, ni umbo. Michezo mingi ya PlayStation 2 ilitengenezwa kwa kioo cha 4:3, na runinga bapa huivuta hadi 16:9, wachezaji wakawa wafupi na wanene kama mitungi. Badilisha umbo la picha kwa rimoti liwe 4:3, uvumilie mistari myeusi ya pembeni. Wapwa zangu walikataa kuivumilia. Wanacheza na mitungi yao kwa raha.

Kwa kuwa matokeo hutegemea runinga, nilizunguka na adapta hii mfukoni kwa wiki moja. Kwenye runinga ya jirani ya inchi 43 picha ilitoka vizuri ila laini zaidi, jambo linaloeleweka, kwani mistari ileile 480 imetandazwa kwenye eneo kubwa. Kwenye kioo cha kompyuta cha ofisini hapakutoka kitu. Kiliandika kwamba hakuna mawimbi, kikalala. Vioo vingi vya kompyuta havipokei 480i, na hakuna mpangilio wa adapta utakaovibembeleza. Njia iliyopo ni kuifanya mashine yenyewe itoe 480p, yaani picha kamili kwa kila mkupuo. Michezo kadhaa, hasa matoleo ya Marekani, huruhusu hilo ukibana pembetatu na X pamoja wakati mchezo unaanza. Wanaocheza kutoka kwenye fleshi kwa programu ya Open PS2 Loader wana kipengele kiitwacho GSM kinachoilazimisha michezo mingi kutoa 480p, ingawa baadhi hugoma au hukatika picha. Nilipoijaribu diski yetu kwa njia hiyo, hata runinga ya nyumbani iliipenda zaidi: kingo zilitulia, na mabeki wakaamka kabisa.

Kuhusu umeme na sauti sina mengi ya kulalamikia. Adapta huhitaji volti 5 kupitia waya mfupi wa USB, na hakuna haja ya kuchukua chaja ya simu ya mtu, kwa sababu matundu mawili ya USB yaliyo mbele ya PlayStation 2 yanatosha kuilisha. Ukizima mashine, nayo huzimika. Sauti hupita ndani ya HDMI pamoja na picha, na pembeni kuna kijitundu cha kuunganishia sabufa, ambacho kwetu kimekuwa neema kwa vijana na adhabu kwa majirani.

Udhaifu wake mkubwa ni umbile. Adapta yote huning'inia kwenye mlango wa picha bila skrubu wala ndoano, na waya wa HDMI, ambao ni mzito kuliko adapta yenyewe, huivuta chini. Mwezi wa pili ilianza kulegea. Ukiigusa mashine, kioo hugeuka bluu kwa sekunde mbili, na kwenye dakika ya 89 sekunde mbili si kitu cha kusamehe. Nilipoipeleka dukani niliambiwa kwamba vitu vya aina hii havina gwarantii, jibu ambalo ningependa kulisikia kabla ya kulipa. Nimekata kipande cha sponji nikakiweka chini yake kama mto, na tangu hapo haijakatika.

Mwenye PlayStation 1 asiinunue, hata kama plagi inaingia vizuri, kwa sababu mashine ile haitoi picha ya mtindo unaohitajika. Mwenye PlayStation 3 hana haja nayo. Mwenye bastola ya kuchezea michezo ya kulenga ajue kwamba itabaki pambo, maana hutegemea jinsi chogo ilivyochora mistari yake, na hakuna adapta ya kuirejesha kazini. Na kama runinga yako ina kile kijitundu cha duara cha AV, jaribu kwanza waya wake wa shilingi elfu chache. Picha itakuwa ileile ya waya wa njano yenye sisimizi, lakini utajua kama unahitaji zaidi. Mpangilio wa nyuzi ndani ya waya hizo haufanani, kwa hiyo ukipata kioo cheusi chenye mvumo, hamishia plagi ya njano kwenye rangi nyingine kabla ya kumlaumu mtu.

Kwangu adapta hii inastahili alama saba kati ya kumi. Nyingine ningeinunua kesho kwa bei hiyohiyo, lakini safari hii ningemtaka muuzaji aiwashe mbele yangu, niitikise waya mara mbili tatu, na asinitajie 1080p.