Mrija wa kutoa maji ya ubongo au dripu ya kingamwili?

Ubongo na uti wa mgongo huogelea katika maji yapatayo mililita 150, na mwili hutengeneza kama 500 kwa siku. Uzeeni mzunguko huo hupungua kasi. Ndipo likazaliwa wazo la mrija kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu: fuvu litobolewe, mrija upitishwe chini ya ngozi hadi tumboni, amiloidi, protini inayorundikana ubongoni mwao, isombwe na maji. Wazo zuri, lilinipa matumaini. Lakini jaribio lililochapishwa mwaka 2008, ambamo baadhi ya wagonjwa waliwekewa mrija uliozibwa makusudi ili kulinganisha, halikuonyesha nafuu.

Dripu ya lekanemabu, kingamwili inayoondoa amiloidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, angalau ina ushahidi: kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27 hivi. Haiponyi, na yaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Hata hivyo, kwa Alzheimer ya mapema ningeichagua hiyo.

Ila mzee akisahau, akishindwa kuzuia mkojo na kutembea kama miguu imegandishwa sakafuni, ombeni apimwe maji kujaa kichwani. Daktari humtoa mililita 30 hadi 50 za maji hayo mgongoni, kisha humtazama akitembea. Hatua zikiwa nyepesi, mrija huenda ukamfaa kweli.