TAHADHARI: Jamaa wa "kwato za asili" anayezunguka Entebbe, Wakiso mpaka Jinja

Jamani wenye farasi na punda, someni hii mpaka chini alafu mtumie na wenzenu. Kuna jamaa anazunguka na boda, ana begi la vyombo safi kabisa, tupa mpya, koleo, visu vya kwato, apron ya ngozi, anajiita mtaalamu wa kwato za asili, yaani farasi asivae chuma na akatwe kwato "kama wa porini". Jina lake siliweki hapa manake hata yeye halishiki, upande wa Entebbe anaitwa hivi, Jinja anaitwa vile, na namba ya simu anabadilisha kila mara. Mjueni kwa kazi yake na kwa maneno yake, manake maneno ni yale yale kila anapopita.

Kwanza tuelewane, mimi sina ugomvi na farasi kutembea bila viatu. Farasi wengi hapa kwetu wanatembea kwenye majani na murram laini bila chuma na wako sawa, na punda wa Kapchorwa wanashuka mlima Elgon na magunia mgongoni bila kiatu. Ukwato ukiangaliwa kila wiki sita mpaka nane na mtu anayejua, akapunguza kilichozidi na kuacha kinachohitajika, mnyama anaishi vizuri tu. Ninachopigia kelele ni mtu anayekata mpaka kwenye damu alafu anakwambia maumivu ndiyo dawa yenyewe.

Nawapa niliyoyaona kwa macho yangu. Kuna mama jirani yetu anafundisha watoto kupanda farasi, ana jike mmoja wa kahawia, mtu mzima, mpole hata mtoto wa miaka mitano anamshika kamba. Hakuwa mgonjwa, kwato zilikuwa zimerefuka kidogo na visigino viko juu basi, mvua zilikuwa nyingi. Jamaa akaja, akamchoma sindano kwanza akasema ni vitamini ya kwato na itamtuliza, akaanza kazi. Nilipofika alikuwa amemaliza miguu ya mbele. Visigino ameshusha mpaka vimelala chini, ile pembetatu laini ya katikati amekata mpaka imekuwa nyembamba kama kijiti, na wayo amechimba kwa kisu mpaka umegeuka wa pinki. Niliinua mguu wa kushoto nikabonyeza wayo kwa kidole gumba, ukabonyea. Wayo wa farasi mzima ukibonyeza hauendi popote jamani! Na pale ukuta wa ukwato unapokutana na wayo kulikuwa na vitone vya damu, yeye akavifuta haraka na tambara akasema ni "damu ya zamani inatoka".

Mbele ya mteja yule jike alitembea vizuri, mama akalipa, jamaa akapanda boda akaenda zake. Kesho yake mnyama hataki kutoka bandani, amesimama amenyoosha miguu ya mbele mbele kabisa, uzito wote ameurudisha nyuma, kila hatua anaiwaza. Jioni akalala chini, hataki kuinuka. Kwenye majani pale alipokuwa anafanyia kazi tukaokota kichupa kitupu, kimeandikwa phenylbutazone. Hiyo si vitamini, hiyo ni dawa ya maumivu ya farasi, inafanya kazi kama siku moja hivi alafu inaisha, kwaiyo jamaa anaichoma kabla ya kukata ili wewe usione kitu mpaka ameshafika mbali na pesa yako.

Mama akampigia. Akatumiwa voisi ndefu, nimeisikiliza mwenyewe, anasema hiyo ni kawaida kabisa, sumu iliyokuwa imefungwa ndani inatoka, damu inarudi kwenye ukwato, vumilia wiki kadhaa, mtembeze kwenye mawe kila siku akomae, na usimwite daktari manake madaktari hawaelewi njia ya asili watakuharibia kazi. Alafu mwishoni anaomba atumiwe nusu ya pesa ya awamu ya pili. Banange!

Hayo maneno ndiyo nataka myakamate. Farasi akitembea vibaya kuliko alivyokuwa kabla hajakatwa, basi amekatwa vibaya au ana ugonjwa, hakuna sumu inayotoka. Ndani ya ukwato kuna mfupa, na huo mfupa umeshikwa kwenye ukuta kwa ngozi nyembamba nyingi zilizopangwa kama kurasa, chini yake kuna wayo wa kuukinga na ardhi. Wayo huo unatakiwa uwe na unene wa sentimita moja mpaka moja na nusu hivi. Ukiukwangua ukabaki milimita chache, mnyama wa kilo mia nne anakanyaga murram karibu na mfupa. Zile kurasa nazo zikivimba zikaanza kuachia, mfupa unaweza kuzunguka au kushuka chini, na hapo wakati mwingine hakuna daktari wa kukuokolea farasi. Na ukwato hauoti haraka, ni chini ya sentimita moja kwa mwezi, ukuta wa mbele kutoka kwenye nywele mpaka chini unachukua karibu mwaka. Kwaiyo kazi ya nusu saa ya huyu jamaa mwenye farasi anaibeba miezi na miezi.

Kuna na pepopunda, hili watu wanalisahau kabisa. Farasi ni kati ya wanyama wanaoshikwa na pepopunda upesi sana, na vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi, ndiko huko huko kwato zinakokanyaga. Ukwato uliotoka damu ni mlango wazi, na kama mnyama hana chanjo unaweza kumzika kwa kidonda ambacho hata hukukiona.

Sasa vyeti. Ana cheti cha rangi kimewekwa plastiki, anasema "amesajiliwa Uingereza", watu wakisikia hivyo wanalegea. Sikilizeni, Uingereza kuna sheria ya wapiga viatu vya farasi tangu 1975, mtu akitaka kumpiga farasi kiatu lazima awe kwenye daftari la Farriers Registration Council, na kuufikia usajili huo ni kama miaka minne ya kujifunza chini ya fundi, na daftari lenyewe liko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona kama mtu yumo. Lakini sheria hiyo inahusu viatu. Kukata kwato za farasi asiyevaa chuma haiko ndani yake, hata huko kwao mtu yeyote anaweza kujiita mkataji. Kwaiyo mtu akikwambia amesajiliwa Uingereza kwa kukata kwato za asili muulize amesajiliwa na nani, na jina lake liko wapi tulione. Mama alimuuliza, akasema mtandao hauko vizuri siku hiyo.

Anapenda pia kumtaja Jaime Jackson, yule Mmarekani aliyekwenda kuangalia farasi wa porini kule Great Basin, nchi kavu ya magharibi mwa Marekani, miaka ya 1980 akaandika jinsi kwato zao zilivyo. Jackson yupo kweli na kazi yake ipo. Lakini wale farasi wanatembea mbali sana kila siku kwenye nchi kavu ya mawe, ndiyo maana kwato zao ni fupi na ngumu, ardhi yenyewe ndiyo imezisaga polepole. Farasi wa Wakiso anakaa kwenye banda na kiwanja cha majani na matope ya mwezi wa nne, huwezi kumpa umbo lile kwa kisu asubuhi moja ukategemea atembee. Ni kama kukata kucha mpaka kwenye nyama alafu ukamwambia mtu alime.

Punda sasa, hapa ndipo naumia zaidi. Tumesikia amefika mpaka upande wa Sebei, huko Kapchorwa, akiwaambia wazee atawakatia punda kwa bei ya chini, elfu kumi kumi kwa kila mguu. Ukwato wa punda si wa farasi, umesimama wima zaidi na ni mwembamba, ukiushusha kisigino ili ufanane na wa farasi unamvuta mishipa ya nyuma ya mguu kila hatua. Na punda haonyeshi maumivu mapema, farasi atachechemea utamuona, punda atanyamaza tu, atapunguza kula, atalala lala, mpaka siku anagoma na gunia njiani. Mzee anayetegemea punda mmoja kubeba maji na mahindi akimpoteza, hana kitu kingine cha kubebea.

Na sasa ameanza kuuza mafunzo. Vijana wanaambiwa walete laki tano, siku mbili wanapewa cheti chenye muhuri na tupa moja, alafu waende wakafanye kazi. Kama una mdogo wako au saisi wako ameambiwa hivyo mkataze, manake pesa itapotea na wanyama wa watu wataharibika mikononi mwake, na yeye ndiye atakayeshikwa.

Akija kwako usimruhusu kuchoma sindano yoyote. Sindano ni kazi ya daktari, na madaktari wa mifugo wanaandikishwa kisheria, ulizia jina kwa daktari wa mifugo wa wilaya yako. Mwambie amtembeze mnyama mbele yako kwenye ardhi ngumu kabla na baada, na anayejua kazi atafanya hivyo bila kuambiwa. Ukiona kisu kinaingia kwenye wayo na vipande laini vya pinki vinatoka, msimamishe hapo hapo, usiogope aibu, farasi ni wako.

Kama ameshapita kwako, mtoe mnyama kwenye murram na mawe leo hii, muweke mahali penye maranda ya mbao mengi au nyasi kavu nene, asitembezwe. Gusa ukwato kama una moto, alafu weka vidole nyuma ya mguu juu kidogo ya kisigino, ukisikia mapigo yanagonga kwa nguvu usisubiri kesho. Ita daktari, muulize habari ya pepopunda kwanza, na mwambie kama mnyama alichomwa sindano ili asije akaongeza dawa ya maumivu juu ya nyingine, hizo dawa zikizidi zinaharibu tumbo na figo. Eksirei ikipatikana ipigwe, ndiyo itaonyesha mfupa umekaaje. Yule jike wa jirani bado yuko kwenye maranda, anakula, lakini watoto hawampandi.

Na kabla kwato hazijaota, piga picha, moja kutoka pembeni ukwato ukiwa chini, moja ya wayo mguu ukiwa umeinuliwa, kila mguu. Hifadhi voisi zake na meseji ya pesa uliyotuma kwa simu, chupa kama ameacha usitupe. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ipo hapa Uganda, lakini polisi ukienda na mdomo mtupu wanakurudisha nyumbani. Tuko watu kadhaa tunakusanya hizi picha twende pamoja, ukiwa nazo andika hapa chini tu "ninazo" na wilaya yako, nitakutafuta inbox.