Laptopu ya zamani inasuasua: nunua nini kwanza?

Unawasha laptopu, unaenda kuteka maji, unarudi na kile kiduara bado kinazunguka. Usikimbilie kuiuza kwa bei ya kutupa. Nyingi ninazoletewa hapa Dodoma, za walimu, za wanachuo wa UDOM, za wenye steshenari, zimechoka kiungo kimoja tu. Shida ni kwamba mtu anakwenda dukani na hela yake, anauziwa RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, wakati ugonjwa uko kwenye diski, panapohifadhiwa faili. Huu ndio mpangilio ambao mimi ningefuata kutoa hela yangu.

Namba moja ni SSD, yaani diski ya kisasa, na hakuna kinachoikaribia. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaohangaika juu yake kutafuta faili, kama sindano ya santuri. Husoma takribani MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, ile inayotumia kiunganishi kilekile cha diski ya zamani, hufika 500, tena haina kitu kinachosogea ndani, kwa hiyo vifaili vidogo vidogo haviichoshi. Kabla hujalipa, jipime: bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski. Ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 na wewe hujafungua chochote, jibu umelipata. Kwa barua, ripoti na filamu chache, GB 256 zinatosha. Ile ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipotoka diski ya zamani, kwa skrubu chache tu. Hamisha picha zako kwanza, maana fundi akishapiga Windows upya hakuna wa kumlilia.

Ukiona SSD ya nje ya TB 2 inauzwa bei ya sahani ya chipsi kuku, ujue ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu (memory card) ya simu iliyodanganywa ukubwa. Programu ya bure iitwayo H2testw huiumbua, ingawa inahitaji subira.

Mahali pengine namba mbili ingekuwa RAM. Hapa kwetu naipa usafi. Kiangazi cha Dodoma kina upepo, na upepo una vumbi jekundu ambalo hata dirisha lililofungwa halilizuii. Juzi nilifungua mashine moja ya kijana wa Nkuhungu: kati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na blanketi la vumbi, ukilivuta kwa kibanio linatoka zima kama kipande cha sufi. Prosesa, ubongo wa mashine, ikipata joto hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, nawe unadhani imezeeka. Mwambie fundi abadilishe na ule uji mzito unaopakwa kati ya prosesa na bamba lake, kwa kuwa ukikauka haupitishi joto. Akipuliza, aizuie feni kwa kijiti isizunguke ovyo. Gharama yake ni ndogo kuliko zote humu.

Namba tatu ndiyo RAM. Ukiwa na GB 4, kivinjari chenye kurasa kumi kinaimaliza. Nenda GB 8. Soma kibandiko cha RAM iliyomo kabla ya kununua. Mimi niliwahi kununua DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, kwa mashine inayotaka DDR3L ya volti 1.35. Iliingia vizuri kabisa, kioo kikabaki cheusi. Muuzaji akasema kimeshafunguliwa hakirudishwi, nikapanda daladala na hasira zangu. Herufi moja tu! Tena baadhi ya laptopu nyembamba RAM yake imelehemiwa kwenye ubao, huongezi kitu.

Betri naiweka mwisho, labda uwe unafanyia kazi mahali ambapo umeme unakatika kila mara. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Ikivimba, hiyo haina foleni: itoe leo.

Kuhusu Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, kijichipu cha usalama, pamoja na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kwa mashine ya nyuma ya hapo mimi huweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows. Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya shule aliizoea kwa siku mbili; alilalamikia rangi tu.

Na kama ubao umeungua au bawaba zimeng'oka na kioo kimepasuka, tafuta nyingine ya mtumba. Usiishie kwenye "i5", jina la prosesa ya Intel, anayokusifia muuzaji. Tazama tarakimu zinazofuata: i5-4300U ni kizazi cha 4, i5-8250U ni cha 8. Zote mbili atakuambia ni i5, na hatakuwa amesema uongo.