Michezo Huru ya Konsoli Yenye Alama za Wastani: Ununue Upi Kwanza Ukiwa Tabora

Mtu anayenunua mchezo wa konsoli akiwa Tabora hana nafasi ya kukosea mara mbili. Diski nyingi huagizwa Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 800 kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati, na ikishafika, hakuna muuzaji atakayeipokea tena kwa sababu tu mchezo haukumpendeza mnunuzi. Anayependelea kupakua naye ana mzigo wake. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na PlayStation Network, na hata aliyekwisha kuivuka shida hiyo hukuta kwamba faili la gigabaiti kumi au ishirini linamaliza bando alilokuwa amepanga kulitumia mwezi mzima. Ndiyo maana michezo huru ya wastani, yaani ile iliyotengenezwa na studio ndogo zinazojitegemea na kupewa na wahakiki alama za kuanzia 50 na kitu hadi 70 na kitu kwa 100, inatutaka tufikiri kwa makini zaidi kuliko mnunuzi wa London anayeweza kujaribu leo na kubadilisha kesho.

Msimamo wangu ni kwamba alama ya wastani haimsaidii mnunuzi mpaka ajue ni kosa gani lililoishusha. Alama 68 inaweza kuwa ya mchezo ambao kila mhakiki aliuona wa kawaida tu, na inaweza pia kuwa ya mchezo ambao nusu ya wahakiki waliupenda sana na nusu nyingine waliuchukia. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki na kutoa wastani wake, huiweka michezo yote ya 50 hadi 74 katika daraja moja la maoni yaliyogawanyika. Zaidi ya hapo, alama hizo hutokana na siku za mwanzo za mchezo sokoni, wala hazipandi mchezo ukifanyiwa marekebisho miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo nimeipanga michezo sita ifuatayo kwa kuangalia aina ya kosa. Kosa la kurudiarudia mambo linavumilika, hasa kwa bei ndogo. Kosa la kiufundi linategemea kama limerekebishwa, na kama marekebisho hayo yatakufikia hapo ulipo. Lakini kamera isiyotulia, au mhusika asiyeitii pedi, ni kosa utakalokutana nalo kila dakika, na hilo sipendekezi alipie mtu yeyote.

Wa kwanza, na hapa sisiti hata kidogo, ni Tales of Kenzera: ZAU. Uliundwa na Surgent Studios ya Uingereza, ukatoka Aprili 2024 kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta, kwa bei ya awali ya dola 19.99. Mwanzilishi wa studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi waliijua sauti yake alipoigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Aliubuni mchezo huu kutokana na majonzi ya kufiwa na baba yake. Ndani yake, kijana aitwaye Zuberi, aliyefiwa karibuni, anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu baba yake, na kisa cha kitabu hicho ndicho tunachokicheza: mganga kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, kwamba akimletea roho tatu kuu zilizokataa kwenda kwa wafu, baba yake atarudishwa.

Mchezo huu unagusa mambo ambayo michezo mingi huyapita mbali. Umejengwa juu ya masimulizi ya watu wa Kibantu, Zau anamwita baba yake "Baba" hata katika toleo la Kiingereza, na sauti za wahusika zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Nimekaa na watoto wa ndugu zangu hapa Isevya, watoto waliozoea kubonyeza vitufe huku mazungumzo yakipita bila kueleweka, nikawaona wakiacha kubonyeza ili wasikilize. Sijui namna ya kuipimia hali hiyo kwa alama, lakini kwa mzazi au mlezi anayetoa fedha yake najua ina thamani gani.

Makosa yaliyoushusha yapo, na ni ya kweli. Aina za maadui ni chache, mapigano yanaanza kufanana kabla ya katikati ya safari, na ziko sehemu za kukimbia hatari ambapo kuteleza kidogo kunakurudisha nyuma. Hata hivyo, wahakiki wengi walioyataja makosa hayo waliulinganisha na michezo mingine mingi ya namna hiyo hiyo, yaani michezo ya kuchunguza ramani kubwa kutoka pembeni huku ukijipatia uwezo mpya wa kufungua njia zilizokuwa zimefungwa. Mtu ambaye hajaicheza ishirini ya aina hiyo hana sababu ya kuchoka nao kama wao walivyochoka. Unakamilika kwa takriban saa nane hadi kumi, urefu unaoifaa hadithi ya msiba. Upungufu mkubwa kwetu ni kwamba hauna toleo la PlayStation 4, ambayo bado ndiyo mashine iliyo katika nyumba nyingi za hapa mjini, na mwenye Switch ajue kwamba picha zake ni hafifu kuliko zile za PlayStation 5.

Nikiwa bado kwenye Switch, wenye mashine hiyo waufikirie pia Semblance wa mwaka 2018, kazi ya studio ya Nyamakop ya Johannesburg. Ni mfupi sana na ulipata sifa za kadiri, lakini wazo lake la kuifinyanga ardhi yenyewe kama udongo ili upate njia ni wazo safi. Siupangi katika safu hii kwa sababu kwenye konsoli ni wa Switch peke yake.

Nafasi ya pili ni ya No Man's Sky, kwa sharti moja nitakalolieleza kwa kirefu kwa sababu lilinigharimu. Hello Games, kikundi kidogo cha Guildford, Uingereza, kiliutoa Agosti 2016 kwa PlayStation 4 na kompyuta. Ahadi ilikuwa anga lenye sayari zisizohesabika, na kweli zipo, kwa kuwa mashine haihifadhi sayari moja moja bali huzikokotoa kutoka kwenye namba kadiri unavyozikaribia. Kilichokosekana ni mambo ya kufanya ukishatua. Pia wachezaji walikuwa wamejengewa matumaini ya kukutana, lakini siku ya kwanza kabisa wawili walifika mahali pamoja na hawakuonana. Kwenye PlayStation 4 alama zake zilitua 71, na hasira za wanunuzi zilikuwa kubwa kuliko alama hiyo inavyoonyesha.

Watengenezaji hawakuukimbia. Novemba 2016 waliongeza ujenzi wa makazi, mwaka 2017 wakaongeza magari, na Julai 2018 sasisho lililoitwa NEXT likaleta uchezaji wa pamoja wa kweli. Yote hayo yametolewa bure, na mengi yameongezwa tangu hapo. Mtu anayeusifu leo na mtu aliyeulaani mwaka 2016 wanazungumzia vitu viwili tofauti kabisa vyenye jina moja.

Sharti lenyewe ni hili: diski ya mwaka 2016 imebeba mchezo wa mwaka 2016. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza diski iliyotumika kwa muuzaji ambaye hakunieleza ni toleo gani, nami sikumuuliza. Niliiweka kwenye mashine isiyo na intaneti, nikakuta ule ule mchezo mtupu uliolalamikiwa. Nililazimika kuibeba konsoli hadi ofisini kwa rafiki mwenye intaneti ya kudumu, tukaiacha usiku kucha ipakue masasisho. Mwenye intaneti nzuri nyumbani anunue toleo lolote bila wasiwasi. Asiye nayo atafute diski ya PlayStation 4 iliyoandikwa Beyond, iliyotoka 2019, au toleo la baadaye, kwa kuwa hizo tayari zina sehemu kubwa ya nyongeza. Akikosa, autoe mchezo huu katika nafasi ya pili na aushushe hadi ya tano.

Wa tatu ni Aragami wa Lince Works ya Barcelona, uliotoka Oktoba 2016. Unacheza kama roho iliyofanywa kwa kivuli, yenye uwezo wa kuruka kutoka kivuli kimoja hadi kingine, na mwanga unapokugusa nguvu zinakuishia, jambo unaloliona kwenye mchoro wa joho la mgongoni badala ya vipimo vilivyotapakaa kwenye skrini. Walinzi wake hawana akili nyingi na baada ya sura kadhaa unakuwa umewazoea wote. Hilo ndilo kosa linalovumilika nililolitaja mwanzoni. Wawili wanaweza kuucheza pamoja, lakini kwa intaneti tu. Haiwezekani kwa pedi mbili kwenye runinga moja, na wauzaji wengine hulificha jambo hilo.

We Happy Few nauweka wa nne, na ni kwa watu wazima pekee. Compulsion Games ya Montreal, Kanada, iliutoa Agosti 2018. Hadithi yake iko Uingereza ya kubuni ya mwaka 1964, katika mji ambao raia wote wanameza vidonge vya furaha ili wasahau jambo baya walilolitenda wakati wa vita. Australia ilikataa kuupa daraja la kuuzwa mwezi Mei mwaka huo kwa sababu ya dawa hizo, kisha ikabadili uamuzi mwezi Julai na kuuwekea daraja la watu wazima. Maandishi yake ni ya kiwango cha juu kuliko mchezo mwingine wowote katika safu hii, na wahusika wake watatu, Arthur, Sally na Ollie, wanaiona dhambi ile ile kwa macho tofauti. Kilichouponza ni mambo mawili. La kwanza ni hitilafu za kiufundi, nyingi zikiwa zimerekebishwa kwa masasisho. La pili, ambalo halirekebishiki, ni mzigo wa kuokota vitu, kula na kulala, masalia ya mpango wa awali wa mchezo wa kujinusuru, ambao hadithi hii haiuhitaji. Ulianza kuuzwa kwa dola 59.99, bei iliyowaudhi wengi kwa haki. Kwa nusu ya bei hiyo nauona unafaa.

Yooka-Laylee, wa tano, unaniuma kuuweka chini. Playtonic Games, iliyoanzishwa na watu waliowahi kufanya kazi katika studio ya Rare, ilichangisha zaidi ya pauni milioni 2 kwa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha kutoka kwa umma, mwaka 2015, na Aprili 2017 ikatoa mchezo wenye rangi za kupendeza, muziki wa furaha na michezo midogo minane ya hadi watu wanne katika chumba kimoja, ambayo ni neema kwa nyumba yenye watoto wengi. Lakini kamera yake hugeukia ukuta wakati hasa unapohitaji kuona mahali pa kurukia, na hata baada ya kusasishwa haikufikia utulivu ninaouhitaji. Anayewapenda wahusika hawa anunue badala yake Yooka-Laylee and the Impossible Lair wa mwaka 2019, ambao unaonekana kutoka pembeni, hauna tatizo hilo, na ni mchezo bora kwa kila kipimo.

Wa mwisho ni Mighty No. 9. Uliongozwa na Keiji Inafune wa studio ya Comcept, Japani, ukachangiwa dola milioni 3.8 kwa Kickstarter mwaka 2013, ukaahirishwa tena na tena, ukafika Juni 2016 ukiwa na picha duni, hatua zisizo na uhai na mitego inayoua bila kutoa onyo. Diski zake huuzwa kwa bei ndogo sana na ndiyo maana nautaja, ili bei hiyo isimshawishi mtu.

Wenye mabanda ya gemu wa Kanyenye na Gongoni waliowahi kuniuliza niliwajibu kwamba karibu yote haya hayawafai. Mteja anayelipia mechi moja anataka kitu kinachokwisha kwa dakika chache mbele ya mpinzani wake, wakati michezo hii mingi ni ya mtu mmoja na ya jioni nyingi. Ni ya nyumbani.

Kuhusu ununuzi wenyewe, diski za PlayStation 4 hazifungwi kwa nchi, kwa hiyo iliyotoka Ulaya au Marekani itafanya kazi, lakini nyongeza za kupakua lazima zilingane na eneo ilikotoka diski, kwa hiyo akaunti inayozinunua nayo iwe ya eneo hilo hilo. Kwa diski iliyotumika inayouzwa hapa hapa mjini, usiridhike kuiona ikisomwa na kuonyesha picha ya jina. Mwombe muuzaji aiache mpaka mchezo umalize kujiweka kwenye mashine na hatua ya kwanza ifunguke, kwa kuwa mikwaruzo ya vumbi letu la kiangazi mara nyingi hujitokeza nusu ya njia, diski ikiwa imekwisha kufika kwako.