Maître aliyeuliza saa kabla ya kuuliza kosa: uzoefu wangu Lubumbashi

Ijumaa moja alasiri mdogo wangu alikamatwa kwenye depo ya simenti anakofanya kazi, komini ya Kenya, mtaa mmojawapo wa jiji letu. Patron, yaani bosi wake, alidai mifuko 60 imepotea, akamshitaki abus de confiance, yaani kula mali aliyokabidhiwa. Jirani akatushauri tutafute "mtu anayejuana na watu". Mama akakataa, akataka avoka, yaani wakili, mwenye mvi.

Tulimpata, mama mmoja aliyevaa joho zaidi ya miaka 20; avoka hapa huitwa Maître. Nilitegemea ataniuliza kama kijana ameiba. Aliniuliza: "Walimchukua saa ngapi?" Nikaanza kumweleza habari za patron, akanikata. Saa ngapi? Nikafungua simu: mdogo wangu alinipigia saa tisa na dakika arobaini, wakiwa wanampandisha garini. Akasema nisifute kitu humo.

Jumamosi asubuhi pale kasho, mahabusu ya polisi, registre, yaani daftari lao, ilionyesha ameingia Jumamosi hiyohiyo saa tatu. Usiku mzima haukuwepo kwenye karatasi! Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inampa polisi saa 48 tu, kisha amwachie mtu au ampeleke kwa mamlaka ya sheria. Maître hakupandisha sauti. Aliandika barua, akataja saa ya ile simu, akaomba nakala yake igongwe muhuri. Jumapili kabla ya saa kumi faili lilikuwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, mbele ya majistra wake wa zamu.

Lakini kazi yenyewe niliiona kwenye PV, karatasi ya maelezo ya mahojiano. OPJ, yaani afisa mpelelezi, alimhoji kijana kwa Kiswahili, akaandika kwa Kifaransa. Mdogo wangu alikuwa amesema "nilichukua mifuko, nikaiweka kwenye mukokoteni". Anachukua mizigo kutwa, ndiyo kazi yake, na patron ndiye aliyemtuma. Kwenye Kifaransa ikawa amekiri kuitwaa. Naye alisaini, hasomi Kifaransa. Mbele ya majistra, Maître aliomba asomewe mstari kwa mstari kwa Kiswahili, na kila alipokataa, jibu lake liandikwe upya, pamoja na jina la mwenye mukokoteni. Lilichukua karibu saa mbili. Mimi nilikuwa nje nanunua maji, nikidhani hakuna kinachoendelea.

Hata hivyo majistra alitoa manda ya muda, amri ya kumweka ndani, kijana akapelekwa gereza la Kasapa. Hapo nilimkasirikia Maître. Alinijibu kavu kwamba hakuwahi kuniahidi atalala nyumbani, kwamba ndani ya siku tano lazima afikishwe kwa jaji, na pale ndipo atakapoomba uhuru wa muda. Alhamisi jaji akakubali, kwa dhamana.

Sasa malalamiko yangu. Usiku hapokei simu, hata ukilia. Risiti ya awamu ya kwanza niliiomba mara tatu. Tulikubaliana dola 300 kwa awamu mbili, na kwa familia yetu si mchezo. Tena siku moja alimtuma stajieri wake, avoka anayejifunza kazi, bila kutuambia. Kijana huyo anajitahidi, lakini sikumlipa yeye. Na hana maneno matamu. Mjomba alipopendekeza "tuongee vizuri" na wale wakubwa, alimwambia: "Kwa njia hiyo hamunihitaji mimi," akaanza kukusanya karatasi zake. Mjomba akaomba radhi.

Ningemchukua tena? Ndiyo, na ningempigia saa ileile ya kwanza, kabla kijana hajasaini kitu. Kifungu cha 19 kinaruhusu avoka awepo tangu kwa polisi. Sisi tulipoteza usiku mzima tukibishana sebuleni.

Kesi haijaisha. Jumatatu na Alhamisi mdogo wangu anapita parke kujionyesha. Dhamana si malipo, inarudi kama hakukwepa mwito hata mmoja, kwa hiyo Maître ametuonya tuchunge ile karatasi ya dhamana. Mama ameifungia ndani ya Biblia, na hataki mtu yeyote aiguse, hata mimi niliyeilipa.