Tahadhari: Muuzaji wa "Safari ya Wanyama ya Kuongozwa" kwa Nusu Bei Huko Florida

Ndugu wasomaji, hasa nyinyi mnaopanga kuwapeleka watoto Florida wakati wa likizo, naomba mjihadhari na muuzaji anayezunguka katika makundi ya Waswahili waishio Marekani akitangaza safari ya kuongozwa ya kuwaona wanyama ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, karibu na Orlando, kwa nusu ya bei inayotozwa na bustani yenyewe. Fedha anazipokea, karatasi anazituma, na simu anaipokea vizuri mpaka mkesha wa safari. Lakini ukifika langoni karatasi hizo hazina kazi. Familia ya dada yangu imepoteza mamia ya dola kwa mtu huyu, na nilipoanza kuulizia nimekuta si wao peke yao. Jina analotumia sitaliandika hapa, kwa kuwa amekwisha kulibadilisha na huenda ni jina la mtu asiye na hatia. Nitakachoeleza ni namna anavyofanya kazi yake, maana hiyo haijabadilika.

Tangazo lake limeandikwa kwa Kiswahili safi, lina salamu ndefu na shikamoo kwa wakubwa, na ndiyo sababu watu wetu humwamini upesi. Anajua kuwa ndani ya bustani hiyo kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu wake waliiga majengo ya Lamu, na anajua kuwa mzazi aliyekulia Afrika Mashariki na sasa analea ughaibuni hutamani sana kuwaonyesha wanawe twiga na tembo, walau huko huko waliko. Hamu hiyo anaigusa kwa makusudi. Anaandika kwamba yeye ni "mtoto wa nyumbani", kwamba ana ndugu anayefanya kazi ndani ya bustani, na kwamba nafasi zilizobaki ni chache. Kwangu mimi hilo linauma kuliko hata fedha zilizopotea, kwa sababu anayeibiwa hapa ni yule aliyeona amepata mtu wa kumsemesha kwa lugha yake katika nchi ya watu.

Itazameni vizuri picha anayoitumia. Inaonyesha watu wamesimama nyuma ya lori lisilo na paa, na mtoto amenyoosha mkono wenye jani la saladi huku twiga ameinamisha shingo na kutoa ulimi wake mrefu wa rangi ya zambarau iliyokolea. Ni picha ya kuvutia, lakini chini yake ameandika Kilimanjaro Safaris, na katika Kilimanjaro Safaris ya Disney abiria hukaa vitini muda wote na hakuna anayemlisha mnyama. Kulisha twiga kutoka nyuma ya lori ni jambo linalofanyika katika ziara iitwayo Serengeti Safari ya Busch Gardens Tampa Bay, ambayo ni bustani ya kampuni nyingine, katika mji mwingine, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Orlando. Mtu anayeuza safari anayoijua kweli hawezi kukosea jambo kama hilo.

Ili uongo wake uonekane wazi, ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo yeye huyachanganya kwa makusudi. La kwanza ni kiingilio, yaani tiketi ya kupita langoni, ambayo bei yake hupanda na kushuka kulingana na tarehe. La pili ni hiyo Kilimanjaro Safaris, iliyoanza pamoja na bustani yenyewe tarehe 22 Aprili 1998: ni gari kubwa lililo wazi pande zote, dereva wake ndiye anayesimulia habari za wanyama njiani, na huchukua kiasi cha dakika 20 hivi kuwapita viboko, vifaru, simba na wengineo. Ukishalipa kiingilio, safari hii haina malipo mengine. Unapanga foleni na kupanda. Kuna njia ya kulipia ili usikae katika foleni ndefu, lakini nayo hulipwa kwa Disney yenyewe kupitia programu yao ya simu. La tatu ndilo safari ya kuongozwa hasa, iitwayo Wild Africa Trek, ambayo huchukua takriban saa 3, huenda na kikundi kidogo chenye viongozi wake, huvuka daraja la kamba juu ya mamba huku kila mgeni amefungwa mkanda wa usalama mwilini, na humalizikia kwenye chakula mahali panapotazama mbuga. Hiyo ina bei yake mbali, nafasi yake huwekwa kwa Disney kwa majina ya wageni, na bado kila mgeni anatakiwa awe na kiingilio cha siku hiyo.

Sasa tazameni anachokifanya. Anachukua sifa za ile ya tatu, anaipa jina la ile ya pili, kisha anasema kiingilio kimo ndani. Mnunuzi asiyezijua tofauti hizi anaona amepata kila kitu kwa mkupuo mmoja, na punguzo linaonekana kubwa mno kuachwa. Wapo waliomlipa kwa ajili ya Kilimanjaro Safaris peke yake, jambo ambalo halina hata tiketi ya kuuzwa.

Kitu kilichomwumbua mbele yetu ni umri wa watoto. Dada yangu ana mtoto wa miaka 2 na mwingine wa miaka 5, na muuzaji aliwakubali wote wawili kwenye hiyo safari ya saa 3, tena akamtoza yule mdogo "nusu ya nusu". Ukweli ni kwamba mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwa tiketi katika bustani za Disney, anapita bure. Tiketi ya mtoto ni ya kuanzia miaka 3 hadi 9, na kuanzia miaka 10 ni bei ya mtu mzima. Na katika Wild Africa Trek mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 haruhusiwi kabisa, kwa sababu ya ule mkanda na lile daraja. Zaidi ya umri wapo pia wanaozuiwa kwa kimo au uzito. Kwa hiyo mkimpata muuzaji wa aina hii, mwambieni mna mtoto wa miaka 4 na msikie atasemaje. Akikubali bila kusita, basi hakuna nafasi yoyote aliyoiweka mahali popote.

Kuhusu karatasi zenyewe, nyingine ni za kughushi tu. Niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa na nembo, tarehe, namba ya uthibitisho na msimbo wa mistari wa kusomwa na mashine. Lakini jina la mgeni lilikuwa katika herufi nyembamba kidogo kuliko maneno mengine ya mstari ule ule, kama lililobandikwa juu ya jina jingine, na msimbo mmoja ulikuwa umerudiwa kwenye karatasi ya baba, ya mama na ya mtoto. Tiketi halali haziwi hivyo, kila mtu huwa na yake.

Aina ya pili ni tiketi ya siku nyingi ambayo mwenyewe ameitumia siku moja au mbili kisha ameuza siku zilizobaki. Hii ni hatari zaidi kwa sababu si ya kughushi: namba yake ni ya kweli na siku zimo. Lakini tiketi hizo haziruhusiwi kupokezanwa, na langoni huunganishwa na mtu aliyezitumia kwanza, mara nyingi kwa alama ya kidole, hivyo anayeingia nayo baadaye huzuiwa. Tena sheria ya jimbo la Florida, kifungu cha 817.361, inaifanya kuwa kosa la jinai kuuza tiketi ya namna hiyo ambayo imekwisha kutumika walau mara moja. Muuzaji atawaambia "kila mtu hufanya hivyo", na maneno hayo hayatawasaidia langoni.

Aina ya tatu ndiyo inayowapata hata waangalifu. Tapeli hununua tiketi halisi kwa Disney akitumia namba za kadi ya benki alizomwibia mtu mwingine, kisha huiuza kwenu kwa bei ndogo, kwa kuwa yeye haikumgharimu chochote. Mkiiingiza kwenye akaunti yenu inakubali, inaonyesha majina yenu, na mnalala usingizi. Mwenye kadi anapogundua na kulalamika kwa benki yake, malipo hurudishwa na tiketi hufutwa, pengine asubuhi ile ile ya safari. Ndiyo maana siwezi kuwaambia kwamba tiketi ikishaonekana kwenye programu ya simu basi mko salama. Kuonekana ni lazima, lakini hakutoshi. La kuangalia kabla ya yote ni nani anayeuza.

Namna anavyotaka kulipwa nayo inasema mengi. Anakataa kadi ya mkopo kwa kisingizio kwamba "makato ni makubwa", anataka Zelle au Cash App, yaani huduma za kutumiana fedha kwa simu, na anasisitiza kwamba katika sehemu ya maelezo muandike ni zawadi ya ndugu. Kwa wengine amedai kadi za zawadi za madukani, apelekewe picha ya namba zilizokwanguliwa. Njia hizi zote zina sifa moja, kwamba fedha ulizozituma kwa hiari yako ni vigumu sana kurudishwa, na yale maneno ya "zawadi" baadaye yatasomwa kama ushahidi dhidi yako wewe mwenyewe. Yupo pia mama mmoja aliyeombwa nenosiri la akaunti yake ya Disney "ili awekewe nafasi moja kwa moja". Msimpe mtu yeyote nenosiri hilo, kwa sababu ndani ya akaunti huwa kuna kadi iliyohifadhiwa, majina ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa.

Pembeni na huyu, wapo pia wanaotoa tiketi za bure au za bei ya kutupa kandokando ya barabara kuu ya 192 huko Kissimmee. Mara nyingi hizo hutolewa kwa masharti ya kwenda kusikiliza mauzo ya nyumba za likizo zinazomilikiwa kwa zamu, na kikao hicho kinaweza kula asubuhi nzima ya likizo yenu huku mkibanwa mtie saini. Ikiwa mmetia saini mkataba wa namna hiyo Florida, sheria ya jimbo inawapa siku 10 za kuufuta kwa maandishi bila adhabu, kwa hiyo msingoje mpaka mrudi nyumbani.

Anayetaka kununua kwa usalama anunue kwenye tovuti au programu ya Disney, au kwa wakala ambaye Disney yenyewe inamtambua, na kama ana shaka juu ya wakala apige simu Disney na kuuliza. Mawakala halali wapo na punguzo lao ni la kweli, ila ni dogo. Nusu ya bei hakuna. Safari ya kuongozwa wekeni nyinyi wenyewe, kwa majina yenu, na mlipe kwa kadi ya mkopo. Mkiambiwa kwamba nafasi zimejaa kwenye tovuti lakini "ndugu yangu wa ndani anaweza kuwapenyeza", elewa kwamba hapo mazungumzo yamekwisha.

Kwa yule aliyekwisha kulipa, wakati ni muhimu. Kama ni kadi ya mkopo, pinga malipo kwa benki yako mara moja: sheria ya Marekani inakupa siku 60 tangu kutumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, na huduma uliyoilipia usiipate ni sababu inayokubalika. Kama ni Zelle au Cash App, piga simu benki na kampuni husika leo hii na ueleze kuwa umetapeliwa. Matumaini ni madogo, lakini taarifa hiyo husaidia akaunti ya mpokeaji kuchunguzwa. Toa taarifa kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kupitia ReportFraud.ftc.gov, na kwa kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kupitia ic3.gov. Usiogope kwamba utaulizwa kwa nini ulinunua rahisi. Wewe ndiye uliyeibiwa. Kisha, kabla ya kumwambia muuzaji kwamba umeshamjua, piga picha za skrini za mazungumzo yote, pamoja na tangazo, jina la mpokeaji wa fedha na saa, kwa sababu huyu bwana akihisi jambo hufuta kila kitu na kukuzuia papo hapo. Dada yangu alimgombeza kwanza, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ikapotea hivyo.

Yeyote aliyewahi kufanya biashara na muuzaji wa aina hii aniandikie faraghani tarehe ya malipo na jina lililotokea kwenye akaunti iliyopokea fedha. Malalamiko ya dada yangu yamekwisha kupelekwa, na tunataka kuyaongezea ya wengine kabla shule hazijafunga, kwani tangazo lile limerudi tena wiki hii, lina jina jipya na picha ile ile ya twiga.