Miezi minane na pikipiki ya umeme, na ugomvi wa LUKU

Naandika haya nikiwa kwa kinyozi, Mbezi Mwisho, saa nane mchana, nasubiri betri ifike asilimia 80. Kinyozi ananitoza buku jero kwa kuchomeka, kiti cha kukalia bure. Na kwa kuwa kila siku lazima nisimamishwe na mtu, "Braza, hiyo ya umeme inalipa?", leo nimjibu mara moja na wengine wasome.

Nimeendesha bodaboda ya petroli, Boxer, miaka tisa, mingi kwa mkataba, hesabu ya tajiri kila jioni. Mwaka jana nikauza ya mwisho, nikaongezea, nikachukua hii Kariakoo kwa milioni 3 na laki 4. Ni ya Kichina. Betri ya lithiamu, volti 72, mota iko ndani ya ringi ya nyuma. Haina gia, haina klachi, haina kiki, wala plagi ya kusugua asubuhi. Mkono wa kushoto ulihangaika wiki nzima kutafuta klachi, na mahali pa klachi wameweka breki ya nyuma. Mara mbili nimebana kwa mazoea, abiria akanigonga kofia yangu kwa kofia yake.

Kuondoka inaondoka vizuri kuliko Boxer, hilo sibishani na mtu. Kasheshe ni ukimya. Mama mmoja mtu mzima alipanda pale stendi ya Magufuli na kapu lake, akatulia. Nami nikatulia, nikijua bado anajiweka sawa. Tumekaa weee. "Mwanangu, huwashi?" "Imewaka, mama." Hakuniamini mpaka tulipoingia lami. Kijiweni wameibatiza Feni. Waenda kwa miguu hawageuki, kwa hiyo napiga honi kama niko kwenye msafara wa harusi. Tena ina hatari yake: nilishuka dukani kuchenji hela, funguo nimeiacha, mtoto akaja kunyonga mafuta kama wanavyochezea pikipiki zote zilizozimwa. Haikuwa imezimwa. Ilimtoka mikononi ikaenda kulala kwenye matofali, yeye mzima, taa ya mbele kwaheri. Siku hizi funguo natoka nayo hata nikienda kununua vocha.

Sasa pesa. Kwa siku napiga kama kilomita 100: Mbezi, Goba, Msakuzi, siku nyingine mpaka Madale. Boxer ilikuwa inakula lita mbili na nusu hivi, na petroli ilipokuwa ikicheza kwenye 2,800, hapo ilikuwa elfu saba kabla sijanunua hata chapati. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei ya mafuta, kijiwe kizima kinainama kwenye simu. Mimi siinami tena. Betri ikiwa tupu inajaa kwa uniti tatu na kidogo, kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shirika la umeme, ile ya elfu kumi uniti 28, ni kama 1,200. Ukijumlisha buku jero ya kinyozi, siku yangu inatoka kwa 2,700. Oili ya kumwaga kila baada ya wiki mbili, hakuna.

Ila msikimbilie Kariakoo bado. Betri moja hainimalizii siku. Kwenye tambarare inafika kilomita 70, lakini nani kasema Goba ni tambarare? Nikipakia abiria mnene na gunia la mkaa, ule mlima naanza na asilimia 34, katikati kioo kinasema 15, mwendo unashuka wenyewe kama punda aliyegoma. Nikifika juu, nikasimama kidogo, inarudi 24. Mwanzoni nilidhani ni mazingaube, kumbe betri ikibanwa volti zinainama, ikipumzika zinajiinua. Kwa hiyo mchana lazima nichomeke masaa mawili, na masaa mawili ni tripu tatu au nne nazowaachia wenzangu. Toeni hiyo kwenye faida. Betri ya pili ni milioni na ushee, sina.

Na nyumbani sasa. Nimepanga chumba na sebule, nyumba ya wapangaji wanne, mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tulikuwa tarifu 4, ile ya watumiaji wadogo: buku moja uniti nane, kila mtu akichanga elfu mbili na ushee mwezi unakatika, na kodi ya jengo 1,500 inalipika humo humo. Hakuna jokofu, ni taa, feni na tivii. Nikaja na betri yangu. Uzito wake ni ndoo ya maji iliyojaa, naibeba kila usiku napita nayo koridoni, chaja inanguruma mpaka alfajiri, na kila aliyelala anaisikia. Ukichaji uniti tatu kila usiku, mwezi ni uniti themanini na zaidi. Mwisho wa ile tarifu ni 75 kwa mwezi, nyumba nzima, mkipita mnatupwa kwenye bei ya kawaida. Mwezi wa pili tangu niilete, mama wa chumba cha mbele kanunua umeme wa buku, zikaingia uniti mbili nukta nane. Akagonga mlango wangu na simu mkononi. "Kaka, hilo dude lako linatunyonya." Sikuwa na la kujibu, alikuwa sahihi. Baba mwenye nyumba akaitwa, kikao kikakaliwa uani.

Tulimaliza hivi: nimefunga kimita kidogo kwenye waya wa chumbani kwangu, uniti zangu nazinunua zote, na nawafidia wenzangu ile tofauti ya tarifu waliyoipoteza, elfu kumi na tano kwa mwezi. Hiyo elfu kumi na tano muuzaji wa Kariakoo hakuniambia, wala sikujua kuuliza.

Na huyo muuzaji. Mwezi wa nne, mvua za masika, nilivuka dimbwi lililofika magotini, ikazima. Fundi wa kijiweni, ambaye Boxer anaifungua kwa spana mbili akipiga soga, alifungua kiti, akaona nyaya, akafunga kiti. Dukani wakasema kontrola, kile kidude kinachoongoza umeme wa mota, imeingia maji, waranti haihusu maji, na nyingine inaagizwa China. Nimekaa siku kumi na tisa bila chombo changu, nikipiga deiwaka kwa pikipiki za watu. Waranti ya chombo cha bodaboda Dar isiyohusu maji ni waranti ya kazi gani? Kontrola nyingine nikaja kuipata kwa mtu mtaa wa pili, laki moja na nusu, ndani ya saa moja.

Kwa yote hayo, baada ya kinyozi, fidia na mchana ninaopoteza, kwa siku nabaki na kama elfu mbili zaidi ya nilivyobaki na Boxer. Siirudii petroli. Ila ningenunua leo, ningefanya matatu kabla ya kutoa hela: kwenda kusoma tarifu kwenye mita ninayokaa, kumlazimisha muuzaji anioneshe kontrola ya akiba iko kwenye shelfu lake, na kuomba kuijaribu tukiwa wawili kwenye mlima wa kweli, sio kuzunguka Msimbazi.

Imefika 81. Kinyozi ananiangalia, kuna mteja anataka kunyolewa na soketi ni moja.